Tulivyoshindana na Jua

Gari langu lina tabia ya kuharibika siku za joto kali, na juzi lilichagua kunifia Ghala, mtaa wa mafundi hapa Maskati. Heri hivyo, maana Ghala ukisukuma gari upande wowote utagonga gereji. Fundi aliingiza kichwa chini ya boneti, akakitoa, akanambia nisubiri. Nikasubiri. Saa ya chakula ilipofika, yeye na mwenzake walikaa juu ya tairi bovu wakafungua boksi la viatu, na ndani yake mlikuwa na vipande vya kuku wa kukaanga vilivyofungwa karatasi. Harufu ya kuku, pilipili manga na kadibodi lililopata joto ilinifikia pale nilipokaa, na mimi, mtu mzima mwenye watoto wa kupeleka skuli, nikacheka peke yangu, kisha macho yakanijaa machozi. Fundi alidhani nalilia gari. Nilikuwa namlilia Misi Loreta, aliyefariki mwaka jana huko kwao, na nilikuwa nacheka kwa sababu yake yeye huyo huyo. Kumlilia bila kucheka haiwezekani, aliyemjua atanikubalia.

Nyie wa rika langu mnaikumbuka Mawaleh ile ya zamani, nyumba mpya nyeupe zimesimama katikati ya vumbi, na upepo ukitokea soko la mboga unakuletea vitunguu na matikiti yaliyopasuka. Nyumba yetu ilikuwa ya ghorofa moja. Chini tulikaa sisi: Bibi yangu mzaa baba, Baba na Mama, Shangazi Raya ambaye alikuwa bado hajaolewa, mimi na mdogo wangu Nasra. Juu palikuwa na fleti yenye ngazi yake ya nje, na Baba alikuwa anatafuta mpangaji.

Misi Loreta alikuja kuitazama mchana wa jua kali. Alikuwa Mmarekani mweusi, mrefu, mwenye mwanya, amekuja kusomesha Kiingereza katika chuo kimoja mjini. Badala ya kuingia kivulini alisimama nje ya geti, akavua miwani ya jua, akavua kofia, akatulia kama anayepigwa picha ya pasi. Baba akamwambia apite. Hakupita. Alisema kwa Kiingereza, na Shangazi Raya akatafsiri, kwamba anataka mwenye nyumba amwone vizuri kwanza, kisha aseme kama nyumba bado ipo. Baba hakufahamu kabisa. Alijibu kwamba nyumba ipo, kwani itakwenda wapi?

Hapo ndipo Bibi, aliyezaliwa Unguja kabla ukoo wetu haujarudi Oman, alipotoka na kanga zake mbili, akamkazia macho mgeni.

"Mtoto wa nani weye?" akamuuliza kwa Kiswahili. "Si wa kina Zuhura wa Kikwajuni?"

Shangazi Raya akamweleza kwamba huyu ni Mmarekani. Bibi akasema watu wametawanyika, na mtu kufika Marekani hakumfuti sura yake. Akamshika mkono akamvuta ndani, akampa kahawa na halua, na mpaka Bibi anakufa hakuna aliyeweza kumtoa katika imani kwamba Misi Loreta ni damu ya kina Zuhura.

Walikubaliana kwamba Misi Loreta atamsomesha Shangazi Raya Kiingereza, na Shangazi naye atamsomesha Kiswahili. Lakini Bibi aliuteka ualimu siku ya pili tu, na Bibi hakuwa na kitabu wala subira. Matokeo yake, haukupita mwaka Mmarekani yule akawa anasema Kiswahili cha ajuza wa Ng'ambo ya Unguja. Akipandisha ngazi anaugulia, "Maskini roho yangu." Siku moja sokoni alishika kiuno akamwambia muuza nyanya, "Baba we, wanchinja na kisu hata hukukinoa!" Muuzaji alikuwa Mbangali, hakufahamu hata neno moja, lakini alicheka mpaka akamwongezea nyanya.

Siku za Ijumaa ndizo zilizokuwa zetu. Misi Loreta alikuwa na gari jeupe refu, na baada ya sala alitupakia, Bibi mbele, sisi nyuma, tukaenda Sidab kwa binamu yake Bibi, ambaye nyumba yake ilikuwa hatua chache tu na bahari. Kwenye buti la gari lile hamkukosekana dumu la maji, blanketi, tochi, na dumu dogo la petroli lililomtia Baba wazimu, maana Maskati petroli ilikuwa kila kona. Na juu ya vyote, boksi la viatu. Ndani yake kuku aliyelala kwenye mtindi usiku kucha, akapakwa unga na pilipili manga, akakaangwa. Mayai ya kuchemsha. Na vipande vya keki vilivyofungwa kimoja kimoja. Tulipita mikahawa yenye shawarma inayozunguka na hatukusimama hata mara moja. Hatukulalamika, kwani nani mwenye akili angeacha kuku yule akale shawarma?

Tabu ilikuwa moja. Alasiri ikisogea, pale hasa bahari inapokuwa tamu na watoto wa Sidab wanatoka na mipira, Misi Loreta alisimama mchangani akanyoosha mkono, akaweka vidole vyake baina ya jua na mlima. Vidole vinne, bado. Vitatu, anaanza kukunja mkeka. Kisha anapiga makofi.

"Haya, wanangu! Tunashindana na jua!"

Tukasahau mpira, tukasahau bahari, tukakimbilia gari na michanga yetu. Njia nzima jua lilikuwa mbele yetu, linateremka upande wa Mawaleh, na sisi tumeweka videvu juu ya kiti cha Bibi tunalipigia kelele: "Jua we! Kaa hapo hapo! Usishuke!" Nasra alikuwa anafumba macho, anasema asipolitazama litasahau kushuka. Tukiingia getini kabla halijatua, Misi Loreta anapiga honi, sisi tunapiga ukelele "Tumelishinda!", na kila mmoja anapewa kipande cha keki kilichobakia. Sijapata kushinda mashindano yoyote maishani mwangu kwa raha kama ile.

Lakini nilikuwa na siri. Mimi nilijua kwa nini Misi Loreta anakimbia. Nyinyi nyote mmelelewa kama nilivyolelewa, mnajua maghribi ni saa ya wenyewe. Mtoto hakai nje, nguo haziachwi kambani, maji ya moto hayamwagwi uani bila kupiga bismillahi. Nikaona basi, Misi Loreta majini anayaona kwa macho yake. Na kwa vile alivyokuwa anapima jua kwa vidole, nikahukumu kwamba Marekani lazima imejaa majini kuliko Bahla, mji wa Oman unaosifika kwa majini. Nilimhurumia sana. Bibi yeye alimsifu tu. "Yule ana adabu za kizamani," alisema. "Maghribi humkuti nje."

Mambo yakaharibika Shangazi Raya alipoposwa. Bwana alikuwa mtu wa Ibra, mji wa ndani ya nchi, wa ukoo ambao haukupata kuvuka bahari, watu wa Ibra tangu na tangu. Shangazi alimpenda, hilo tulilijua kwa vile alivyokuwa anaunguza wali. Ila Ibra aliiogopa. Alikwenda mara moja kutambulishwa, na dada za bwana walikisikia Kiarabu chake chenye lafudhi yetu wakacheka, na hakujua wamecheka kwa mapenzi au kwa dharau. Harusi ingekuwa huko, ngoma ianze baada ya isha. Akapanda juu kwa Misi Loreta na mimi nyuma yake.

"Uje ukae ubavuni pangu," alimwambia. "Ukiwapo we, sitokuwa mgeni peke yangu. Tutakuwa wageni wawili."

Misi Loreta alimshika mikono. Akasema atakuja asubuhi, atambusu, atamwona alivyopendeza, na alasiri atarudi zake Maskati.

"Asubuhi nitakuwa na plasta za hina mpaka magotini!" Shangazi akalia. "Ngoma ni usiku, Dada Loreta. Harusi ni usiku!"

"Najua, mwanangu. Usiku siwezi."

Shangazi alishuka akaenda kukata vitunguu visivyohitajiwa na mtu, ili apate sababu ya macho mekundu. Nami nikaona yamefika. Nilimwendea Bibi nikamweleza yote: majini, vidole, Marekani.

Bibi hakushangaa. "Nlijua," alisema, akaniagiza makaa.

Alitoa chetezo, akatia ubani, na juu ya ubani akatia mvuje. Asiyeujua mvuje amshukuru Mungu. Unanuka kama vitunguu thomu vilivyosahauliwa ndani ya soksi, na jini mwenye heshima zake hawezi kuustahamili. Tuliweka chetezo ndani ya gari la Misi Loreta, tukafunga vioo vyote, Bibi akawa analizunguka anasoma, mimi na Nasra tumesimama kila mmoja mlango wake ili jini asitoke akaingia ndani kwetu. Moshi ukajaa mpaka usukani hauonekani. Ghafla tukasikia ngazi inalia, na Misi Loreta akateremka mbio, miguu mitupu, na ndoo ya maji.

"Bi Mkubwa! Gari inaungua!"

"Haiungui," alisema Bibi. "Inatibiwa."

"Inaumwa nini?"

Ikabidi nieleze mimi. Nilimwambia asiogope tena, tunayafukuza majini yake ya maghribi, ili aje harusini na Shangazi asilie. Misi Loreta alinitazama, akalitazama gari, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akakaa kwenye ngazi, ndoo mapajani, maji yanamwagikia gauni. Kisha akafuta macho, akanivuta nikae karibu yake.

"Majini yangu, mwanangu," alisema, "yalikuwa na bango."

Nikamuuliza bango gani.

"Kwetu, nlipokuwa mdogo kama weye, kila mwaka tukenda kwa bibi yangu, safari ya mchana kutwa. Njiani miji midogo midogo, mizuri, kila nyumba ina mauwa mbele. Basi mji mmoja una bango pale unapoingia. Limeandikwa: mtu mweusi, jua lisikuchwee hapa."

"Likikuchwea?" Bibi akauliza.

Misi Loreta alitutazama mimi na Nasra. "Wanakupiga, Bi Mkubwa," alisema. Nilijua kwa sauti yake kwamba jawabu lilikuwa refu kuliko hilo.

"Nani kaliandika?"

"Watu. Wenye mji. Wana skuli, wana kanisa, wana watoto. Na kwengine hapana bango, lakini wote wanajua. Baba yangu alitaka kununua nyumba nje ya mji, mtaa una miti, una hewa. Anapiga simu, nyumba ipo. Akenda, wakamwona, nyumba haipo."

Baba alikuwa amesimama mlangoni na gazeti lake. Nilimwona anageuka kulitazama geti letu, muda mrefu, kisha anajikuna shingo.

"Hatukuwa tunajua sisi watoto," Misi Loreta akaendelea, na uso wake ukaanza kung'aa tena. "Baba yangu hakutwambia habari ya bango. Yeye anasema, 'Haya, wanangu! Tunashindana na jua!' Na sisi nyuma tunapiga makofi, 'Baba, kaza! Kaza!' Tukishaupita ule mji anapiga honi, mama anagawa keki. Anacheka baba yangu, shati lote limerowa jasho. Mie nlidhani ni joto. Na boksi la viatu, Bi Mkubwa, nlifikiri ni mandari! Kumbe mikahawa ya njiani haituuzii chakula. Mie nlidhani hatusimami kwa kuwa mama yangu anapika kuliko wao."

"Na kweli kuliko wao," nikasema.

Akanibusu kichwani. Sikuweza kuyafahamu yote siku ile, nilikuwa mtoto. Jambo moja nililishika: kwamba mchezo wetu wa Ijumaa ulitoka mbali, na kwamba baba mmoja aliutunga akiwa na khofu ili watoto wake wasiwe nayo. Mpaka leo nikimfikiria mtu yule nisiyemjua, nampenda.

Bibi alifungua mlango wa gari akatoa chetezo chake. "Basi hawa si wa kufukuzwa kwa moshi," alisema. Kisha, kwa kuwa hakupenda kitu kipotee bure: "Lakini mbu watakimbia."

Shangazi Raya alikuwa dirishani, kasikia kila kitu. Hakuomba tena. Ni Misi Loreta mwenyewe aliyemwita.

"Nitakuja nilale, Raya. Nikifika mchana ungali mweupe, nimeshaingia ndani kwenu, nitalala. Lakini giza likinikuta njiani, usinilaumu. Akili yangu inajua Oman si kule. Mikono haijui. Itageuza gari yenyewe."

Siku ya harusi wote walitangulia Ibra asubuhi. Misi Loreta alikuwa na darasa mpaka adhuhuri, na mimi na Nasra tuliachwa tufuatane naye, bahati iliyotufanya tusilale usiku uliotangulia. Tulitoka mapema, na muda ulikuwa mwingi. Tatizo lilikuwa mvuje. Moshi ule uliingia kwenye viti, na joto la mchana likawa linautoa kidogo kidogo. Tulipoipita Bidbid na kuanza zile kona za milimani, Nasra akasema, "Misi, nna neno," na kabla hajalisema akatapika. Tukasimama, dumu la maji likafanya kazi. Kona mbili mbele nikatapika mimi. Tukasimama. Kisha Nasra tena. Tulilazwa kwenye blanketi chini ya mgunga tupate hewa, tukapepewa kwa kofia, tukanyweshwa maji kwa kifuniko. Misi Loreta hakutuharakisha hata kidogo, ila nilimwona ananyoosha mkono na kuweka vidole.

Safari ile jua lilikuwa nyuma yetu. Alilitazama kwenye kioo, tena na tena, mpaka kioo chote kikawa chekundu.

"Misi," nikasema, "tunashindana?"

Tulipofika mwanzo wa Ibra, palipokuwa na bango kubwa la mji, alipunguza mwendo akasimama pembeni. Taa za nyumba za mwanzo zilikuwa zimeanza kuwaka. Mikono yake ilikuwa juu ya usukani, na niliitazama kama watu wanavyotazama maziwa jikoni yasimwagike. Nilikuwa na gauni jipya la pinki, nilikuwa na ngoma inayonisubiri, lakini wallahi nilichokuwa nakiona ni Shangazi Raya amekaa peke yake katikati ya wale dada. Nikaiomba mikono ile, kimoyomoyo, isigeuze.

"Nisomee lile," alisema. Bango lilikuwa la Kiarabu, na Kiarabu alikuwa hajui kukisoma.

"Wilaya ya Ibra inakukaribisheni."

"Na chini yake?"

"Hapana kitu."

"Tazama vizuri."

Nilishuka. Nililisogelea bango mpaka nikaligusa, nikasoma tena, kidole juu ya kila herufi. Kisha nikaona ikiwa ni kutazama, basi nitazame kweli, nikazunguka nyuma yake. Nyuma palikuwa na chuma kitupu chenye kutu, na mbuzi mmoja anatafuna karatasi.

"Hapana kitu, Misi!" nikapiga ukelele. "Pana mbuzi tu!"

Nilimsikia anacheka kabla sijamwona. Alikuwa ameshuka, ameshika kiuno, anacheka kama siku ile ya ndoo. Akafungua buti, akatoa boksi la viatu.

"Njooni mle. Matumbo yenu matupu."

"Na jua?" akauliza Nasra.

"Leo liacheni lishinde."

Tulikaa watatu juu ya boneti, miguu inaning'inia, mbele ya bango la watu, tunakula kuku. Sijapata kula kuku mwengine kama yule, hata wa mikono yake mwenyewe. Jua liliteremka kwa nafasi yake. Nasra alilipungia mkono, nami nikalipungia, na lilipobakia ukucha mmoja tu, Misi Loreta naye akanyanyua mkono wake wenye mafuta akaliaga. Likazama. Adhana ikasikika mjini. Alibakia vile vile kidogo, kama anayesikiliza kama patatokea mtu. Hakutokea mtu. Akafuta vidole, akawasha taa, na tukaingia Ibra gizani huku anapiga honi njia nzima, na watoto wa watu wakitoka milangoni wakidhani ndio gari la bibi harusi.

Bibi alikuwa nje ya nyumba ya harusi, kanga kichwani, tasbihi mkononi, ameshachoka kusubiri.

"Maghribi yote hii nje na watoto!" akaanza. "Mlikuwa wapi?"

Misi Loreta alisimama mbele yake kwenye mwanga wa taa za harusi, makombo kwenye gauni, uso umechanua kama mtu aliyeleta habari ya mtoto kuzaliwa.

"Limenichwea, Bi Mkubwa," alisema. "Jua limenichwea hapa hapa."

Ndani ngoma zilikuwa zinajaribiwa, na sauti ya Shangazi Raya ilisikika inauliza, "Kaja? Kaja?" Bibi akavua kanga yake moja, akamfunika Misi Loreta mabegani, akamshika mkono kama siku ile ya geti.

"Basi pita ndani, mwanangu," akasema. "Wali unapoa."